K ya Majivu

Msimu wa kuvuna maharagwe, maganda makavu hayatupwi katika nyumba nyingi za Bungoma. Hurundikwa kando ya uwanja, huchomwa taratibu mpaka yabaki majivu, na majivu hayo hutiwa katika chombo chenye matundu chini. Zamani kilikuwa chungu kilichotobolewa. Siku hizi ni mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa kwa msumari, nyasi zikitandikwa ndani ili majivu yasipite. Maji humiminwa juu kidogo kidogo. Chini hudondoka maji ya rangi ya chai nyepesi, yanayoteleza ukiyasugua kati ya vidole. Hayo ndiyo musherekha, chumvi ya kienyeji ya Waluhya, inayolainisha majani ya kunde na kupunguza ugumu wa mboga za kienyeji. Kukhu, yaani nyanya, hapimi kwa kijiko. Anachovya ncha ya kidole, anaonja, anaongeza maji au anaacha. Kipimo kiko ulimini, na amekirithi kwa mama yake.

Mjukuu wake anapoanza kemia shuleni, anakutana na kitu kilekile bila kukitambua. Ubaoni pameandikwa alama za elementi, na baadhi zinaeleweka: O ni oksijeni, H ni hidrojeni, C ni kaboni. Kisha inakuja K, na mwalimu anasema ni potasiamu. Mtoto anauliza kwa nini isiwe P. Jibu nililolisikia mara nyingi ni kwamba hicho ni Kilatini, kariri tu. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye mali. K ni herufi ya kwanza ya kalium, neno ambalo wataalamu wa Ulaya walilipata kwa Waarabu: al-qali, majivu ya mimea. Ndiko lilikotoka pia neno alkali. Hata jina la Kiingereza alilolitoa Humphry Davy mwaka 1807, alipoipata metali hiyo kwa mara ya kwanza kwa nguvu ya umeme, limejengwa juu ya maneno mawili ya kale yenye maana ya chungu na majivu, kwa kuwa Ulaya nako watu walichuja majivu ya kuni na kuchemsha maji yake vyunguni mpaka yakauke na kubaki unga mweupe. Mtoto wa Bungoma anakaririshwa kwa Kilatini kitu kinachodondoka nyuma ya jiko la nyanya yake.

Nayaweka mapokeo haya kando kwa kando, jiko na ubao, na nitaongeza la tatu, mfuko wa mbolea wa Kitale, kwa sababu naona kosa katika namna tunavyowaanzisha watoto kuandika fomula na milinganyo. Tunaanzia kwenye alama, na alama ilikuja mwisho. Kabla yake kulikuwa na mtu aliyeshika kitu, akakichoma, akakipima, akaamua kipi kihesabiwe na kipi kiachwe. Mwanafunzi asipoonyeshwa uamuzi huo, mlinganyo humgeukia fumbo la hesabu, naye hulifumbua kama fumbo la hesabu: anabadilisha namba yoyote inayokubali kubadilika.

Tuuchukue musherekha wenyewe. Kwa fomula ya shule unaandikwa K₂CO₃, potasiamu kaboneti: atomu 2 za potasiamu, 1 ya kaboni, 3 za oksijeni. Kwa nini potasiamu 2? Kundi la kaboneti lina mikono miwili ya kushikia, potasiamu ina mmoja. Basi kaboneti moja hutoshelezwa na potasiamu mbili. Kalsiamu yenye mikono miwili humtosha kaboneti peke yake, ndiyo maana jiwe la chokaa ni CaCO₃. Hiyo ndiyo valensi, na anayeanza hahitaji zaidi ya hapo siku ya kwanza.

Lakini fomula hiyo imeacha mengi. Majivu ya maganda ya maharagwe yana pia kloridi na salfeti za potasiamu, na chembechembe za madini mengine ambayo mizizi iliyafyonza. Fomula imeteua kile kinachofanya kazi kubwa ya kulainisha. Ulimi wa kukhu unaonja vyote kwa pamoja. Mwenye fomula anaweza kukueleza zipatikane gramu ngapi. Kukhu anaweza kukueleza kama kunde za leo, zilizokomaa kupita kiasi, zinahitaji tone la ziada. Sioni haja ya kuwapanga mmoja juu na mwingine chini. Ninachotaka ni mtoto ajue tangu mwanzo kwamba fomula ni kauli, kuna aliyeitoa, na aliyeitoa alichagua.

Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza liko kwenye maji. Wanaambiwa hidrojeni huungua katika oksijeni na kutoa maji, wanaandika:

H₂ + O₂ → H₂O

Wanahesabu, wanaona oksijeni 2 kushoto na 1 kulia, na mkono unakimbilia ile namba ndogo ya chini. Wanaandika H₂O₂. Hesabu imelingana, lakini maji hayapo tena. H₂O₂ ni hidrojeni peroksaidi, dawa ile inayotoa povu ikimwagwa kwenye kidonda, na haikati kiu ya mtu.

Hapa huwa natoka nje ya darasa mpaka kituo cha bodaboda. Bodaboda moja ina magurudumu 2. Ukitaka magurudumu 4, unaita bodaboda 2. Huwezi kuifungia bodaboda gurudumu la tatu ukaendelea kuiita bodaboda. Hiyo imeshakuwa tuktuk, chombo kingine chenye nauli nyingine. Namba ndogo ya chini ni magurudumu. Ni kazi ya aliyeunda chombo, wewe huigusi. Namba kubwa ya mbele ni idadi ya vyombo ulivyoviita, na hiyo ndiyo uliyoruhusiwa kuibadilisha. Kusawazisha mlinganyo ni kuita vyombo vya kutosha pande zote mbili bila kumfungulia mtu boliti:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Na kwa nini oksijeni iandikwe O₂ hata ikiwa peke yake hewani? Kibukusu, lugha ya Waluhya wa Bungoma, kinasaidia hapa kuliko Kiingereza. Pacha wanapozaliwa hupewa majina ya Mukhwana na Mulongo, na ukimsikia mmoja akiitwa, unajua yupo au alikuwepo mwenzake. Oksijeni ya hewani ni ya namna hiyo. Hutembea wawili wawili walioshikana. Hidrojeni, naitrojeni, florini, klorini, bromini na iodini nazo ni hivyo hivyo, saba kwa jumla. Ukisema "oksijeni mbili" kwa Kiswahili hujasema kama ni mbili zilizoshikana, yaani O₂, au ni mbili zinazopishana njiani, yaani 2O. Ukisema "oksijeni pacha", hakuna tena wa kukuuliza.

Anayekosea maji asione haya. John Dalton, Mwingereza aliyeirudisha dhana ya atomu kwenye mizani, alichapisha mwaka 1808 alama zake za maduara: oksijeni duara tupu, hidrojeni duara lenye nukta katikati, kaboni duara jeusi. Maji aliyachora kwa maduara mawili tu, moja la hidrojeni na moja la oksijeni. Kwa herufi za leo hiyo ni HO. Hakuwa mzembe. Hakuwa na njia ya kuhesabu atomu, akachagua hesabu iliyo rahisi kuliko zote. Mwaka huohuo Gay-Lussac wa Ufaransa alieleza kwamba gesi huungana kwa vipimo kamili, na kwa maji ni ujazo 2 wa hidrojeni kwa 1 wa oksijeni. Amedeo Avogadro wa Italia akatoa sababu yake mwaka 1811. Bado mabishano yaliendelea mpaka mkutano wa Karlsruhe, Ujerumani, Septemba 1860, ambako Stanislao Cannizzaro alimtetea Avogadro aliyekwisha kufariki. Kwa takriban miaka 50 watu wenye akili kubwa kuliko zetu hawakuafikiana jinsi ya kuandika maji.

Herufi tunazotumia ni za Jöns Jacob Berzelius wa Sweden, aliyezianzisha kuanzia mwaka 1813. Aliyakataa maduara kwa sababu ya kazi ya mikono: herufi huandikika na huchapika kwa urahisi. Aliziteua kutoka majina ya Kilatini, na hapo Fe ya chuma, Pb ya risasi na Cu ya shaba zilipopatikana. Namba aliziweka juu. Kuziweka chini ni desturi iliyokuja baadaye. Mwanafunzi wa Kitale anayehangaika na Fe ajue kwamba mwenzake wa London anahangaika vilevile. Kilatini si lugha ya mama ya yeyote kati yao.

Hata hivyo, nidhamu ya herufi hizo haina msamaha, na Kitale ndipo ninapoona sababu yake waziwazi. Mji uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wa Julai huwafanya watu waingize jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa yakipata hewa ya kutosha:

C + O₂ → CO₂

Hewa ikipungua:

2C + O₂ → 2CO

Gesi ya pili haina rangi wala harufu. Hujishika kwenye damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, na mtu hulala asiamke. Tofauti kati ya fomula za gesi hizo mbili ni namba moja ndogo. Na ukiandika Co kwa o ndogo, umeondoka kwenye gesi kabisa, umeingia kwenye kobalti, metali. Mwalimu anayekata alama kwa herufi kubwa na ndogo haonei mtu. Ningependa tu asimulie habari ya jiko la makaa kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Mlinganyo wa kwanza ambao ningempa mwanafunzi aupime kwa mizani ni wa chokaa, kwa sababu ni wa kwetu toka kale na unazunguka mpaka unarudi ulipoanzia. Lamu na Zanzibar mawe ya matumbawe yamekuwa yakichomwa juu ya marundo ya kuni ili kupata chokaa ya kujengea:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Jiwe safi la kilo 100 hutoa kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zimeondoka kama gesi, na ndiyo maana jiwe lililoiva ni jepesi mkononi. Chokaa ikimwagiwa maji huchemka yenyewe na kuwa Ca(OH)₂. Ikishapakwa ukutani huanza kuvuta hewa:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Ukuta umerudi kuwa jiwe. Gesi iliyopotea tanurini imerejeshwa na hewa ya mjini, polepole, kwa miezi na miaka. Mwashi hakuandika mshale hata mmoja, lakini alijua kila hatua, pamoja na jambo ambalo mshale hausemi: muda. Mlinganyo haukuambii kama kazi ni ya dakika au ya mwaka. Ni upungufu mkubwa, na wanafunzi wengi hawaambiwi.

Sasa mfuko wa mbolea. Kitale ni mji wa mahindi. Kenya Seed Company ilianzishwa huko mwaka 1956, na mahindi chotara ya H611 yakatolewa mwaka 1964. Mbegu hizo zinataka kulishwa, na mkulima wa Trans Nzoia anaijua DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia kama anavyowajua majirani zake. Huyu ni msomaji wa fomula ambaye hajaitwa msomaji wa fomula. Kwenye mfuko wa DAP pameandikwa 18-46-0. Ubaoni DAP ni (NH₄)₂HPO₄. Ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa mapokeo mawili, na kulinganisha maandishi hayo ni somo zima.

Namba 18 ni asilimia ya naitrojeni: mfuko wa kilo 50 una kilo 9 zake. Namba 46 mtu angedhani ni asilimia ya fosforasi. Sivyo. Ni asilimia ya P₂O₅, oksaidi ya fosforasi, na ndani ya mfuko hamna P₂O₅ hata punje. Wapimaji wa karne ya 19 walikuwa na mazoea ya kueleza madini yote kama oksaidi, na biashara ya mbolea ikashikilia hesabu hiyo karibu dunia nzima hadi leo. Ukitaka fosforasi halisi, zidisha kwa 62 na ugawanye kwa 142: kilo 23 zilizoandikwa zinakuwa takriban kilo 10. Potasiamu nayo huandikwa kama K₂O kwenye mifuko ya NPK. Na oksaidi yenyewe, ukiitengeneza, molekuli zake ni P₄O₁₀; P₂O₅ ni uwiano uliorahisishwa tu. Mkulima hadanganywi, maana mifuko yote hutumia kipimo kimoja na kulinganisha bei bado kunawezekana. Anachokosa ni kuambiwa kwamba mfuko unasema kwa lahaja ya miaka 150 iliyopita.

CAN ni tamu zaidi kwa anayeanza. Ni mchanganyiko wa amonia naitreti na mawe ya chokaa yaliyosagwa. NH₄NO₃ ina uzito wa 80, na naitrojeni zake mbili ni 28, yaani asilimia 35. Mfuko unasema 26. Basi kilo 50 zina kilo 13 za naitrojeni, na kuzipata kilo 13 hizo unahitaji kilo 37 hivi za amonia naitreti. Kilo 13 zilizobaki ni hasa chokaa. Mtoto wa mkulima, kwa kalamu na fomula moja, amefungua mfuko bila kuukata uzi.

Na chokaa hiyo ina kazi, kwa sababu mbolea za amonia zina deni. Vijidudu vya udongo huigeuza amonia hivi:

NH₄⁺ + 2O₂ → NO₃⁻ + H₂O + 2H⁺

Hizo H⁺ mbili za mwisho ni asidi. Msimu mmoja hazionekani. Miongo ya misimu huchachusha shamba, na udongo wenye asidi nyingi huifunga fosforasi ileile iliyonunuliwa kwa fedha. Ndiyo sababu wataalamu wa kilimo wa Trans Nzoia na Bungoma wanahimiza kumwaga chokaa shambani:

CaCO₃ + 2H⁺ → Ca²⁺ + H₂O + CO₂

Ni jiwe la Lamu tena, likifanya kazi Kitale.

Kuhusu majina nina maoni ambayo walimu wenzangu hawakubaliani nayo wote. Baadhi wanasema Kiswahili kilikosea kuchukua oksijeni na hidrojeni kwa sauti tu, badala ya kuunda maneno yenye maana. Wanatoa mfano wa Japani na China. Udagawa Yōan, aliyeanza kuchapisha kitabu chake cha kemia mwaka 1837 akitegemea vitabu vya Kiholanzi, aliita oksijeni sanso, kiini cha asidi. Wajerumani nao huita Sauerstoff, kitu cha uchachu. Maneno hayo yanapendeza, ila yamebeba kosa la mkemia Lavoisier, aliyeamini kwamba kila asidi ina oksijeni. Davy alionyesha mwaka 1810 kwamba asidi ya chumvi, HCl, haina oksijeni ndani yake. Kosa lilisahihishwa, jina likabaki, na mtoto wa Kijapani anaanza somo kwa kuambiwa jambo lisilo kweli. China ilikwenda njia nyingine: katika tafsiri zilizofanywa na Xu Shou pamoja na John Fryer kuanzia miaka ya 1870, metali nyingi zilipewa herufi zenye alama ya metali, na baadaye gesi zikapata alama ya hewa, hivyo msomaji anajua aina ya kitu kabla ya kujua ni kitu gani. Huo ni ustadi ninaouonea wivu. Kati ya Japani na sisi, hata hivyo, nachagua neno letu lililofungwa. Oksijeni haimwelezi mtoto kitu, lakini haimpotoshi. Wanaleksikografia wa Dar es Salaam waliotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 walitupa msingi wa kutosha. Na pale Kiswahili kilipokuwa na neno la kale, kama zebaki, magadi, shaba, chokaa, tulitumie bila aibu.

Huyo Lavoisier aliyekosea asidi ndiye, kwa upande mwingine, aliyetupa moyo wa mlinganyo: uzito wa vitu kabla ya mabadiliko ni sawa na uzito baada yake. Mwaka 1789 aliueleza kwa mfano wa juisi ya zabibu inayochachuka kuwa mvinyo. Angekuwa Bungoma angetumia busaa, pombe ya kienyeji:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Gramu 180 za sukari, 92 za kileo, 88 za gesi. Karibu nusu ya sukari huondoka kwa mapovu. Kimea cha wimbi, unga uliokaangwa, siku za kungoja na joto la chungu havimo katika mstari huo, na mpishi wa busaa asiyevijua hapati kitu cha kunywewa kwa mirija.

Kwa hiyo siku ya kwanza ningeomba wanafunzi waje na musherekha kutoka nyumbani katika chupa ndogo, na mmoja alete siki. Kila mtu aguse, ateleze vidole. Waongeze siki tone kwa tone mpaka mapovu yaishe. Waandike walichokiona kwa Kibukusu, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha yoyote iliyowajia kwanza: maji ya majivu na siki hutoa hewa. Baadaye sana, pengine wiki ya pili, waulizane hewa hiyo ni ipi, imetoka kwenye chupa gani, na K imekwenda wapi. Ndipo mstari uandikwe, na kila namba iwe na mtu wa kuitetea:

K₂CO₃ + 2CH₃COOH → 2CH₃COOK + H₂O + CO₂

Kisha waguse tena maji yaliyobaki. Ule utelezi umekwisha.